Bill Wilson: Mtu aliyeacha pombe kwa siku moja moja, miaka 36

WILLIAM Griffith Wilson aliapa mara nyingi kwamba hatakunywa tena pombe. Aliapa mbele ya mke wake, Lois, na ili kiapo kiwe na uzito alikiandika kwa mkono wake ndani ya Biblia ya familia. Alikivunja, akaandika kingine, akakivunja hicho nacho. Hadi mwaka 1930 Biblia hiyo ilikuwa na viapo kadhaa, vyote vya kuacha pombe moja kwa moja. Hakuna hata kimoja kilichodumu.

Mtu huyohuyo alikuja kuishi miaka 36 bila kuonja tone, kuanzia Desemba 1934 hadi alipofariki Januari 1971. Chama alichokianzisha pamoja na daktari mmoja wa Ohio, Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina, leo kinakadiriwa kuwa na wanachama zaidi ya milioni 2 katika nchi zipatazo 180.

Wengi hudhani kwamba mtu wa namna hiyo alipata ujasiri mpya au alipona kabisa. Maisha yake yanaonyesha vingine. Aliacha kuapa kwa ajili ya maisha yote, akaanza kushughulika na siku iliyo mbele yake, tena akiwa na mlevi mwingine pembeni. Na hakufikia siku ambayo angeweza kusema kazi imekwisha.

Azaliwa nyuma ya baa

Bill, kama alivyozoeleka kuitwa, alizaliwa Novemba 26, 1895 katika kijiji cha East Dorset, jimbo la Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani. Familia ya baba yake ilikuwa na hoteli ndogo kijijini hapo, na chumba alichozaliwa kilikuwa nyuma ya baa ya hoteli hiyo. Baba yake, Gilman, alisimamia machimbo ya mawe ya marumaru. Babu yake mzaa baba alikuwa mlevi aliyeacha pombe baada ya kupanda mlima ulio jirani na kijiji na kushuka akiwa mtu mwingine.

Bill alipokuwa na miaka kama 10 nyumba yao ilivunjika. Baba alikwenda magharibi kutafuta kazi Canada, mama akaenda Boston kusomea tiba, na Bill na dada yake, Dorothy, wakaachwa kwa wazazi wa mama.

Babu huyo, Fayette Griffith, alimpenda mjukuu wake na aliijua tabia yake. Siku moja alimwambia kwamba hakuna mtu nje ya Australia anayeweza kutengeneza bumarangi, ule mti uliopinda ambao ukirushwa humrudia aliyeurusha. Kijana aliacha mambo mengine yote. Kwa miezi sita alichonga, akarusha, akatupa, akachonga tena, hadi bumarangi ikazunguka na kumrudia. Watu walimpongeza, naye akajifunza somo ambalo baadaye lilimgharimu: kwamba nia ikiwa kali, hakuna kitakachomshinda.

Mwaka 1912 msichana aliyempenda shuleni, Bertha Bamford, alifariki ghafla baada ya upasuaji. Bill aliporomoka. Alishindwa masomo, akakaa miezi mingi katika huzuni nzito ambayo leo madaktari wangeiita sonona. Hali hiyo ilimrudia mara nyingi maishani.

Glasi ya kwanza

Hadi anafikisha miaka 21, Bill hakuwa mnywaji. Kinywaji cha kwanza alikipata mwaka 1917 huko New Bedford, Massachusetts, akiwa ofisa kijana wa jeshi. Matajiri wa mji walikuwa wakiwaalika maofisa majumbani, na kijana wa kijijini alijiona hajui aseme nini wala asimame wapi. Alipopewa kinywaji, haya ilimwondoka. Kwa mara ya kwanza alijihisi ni mmoja wa watu waliokuwamo chumbani.

Maelezo hayo aliyarudia katika maisha yake yote, kwa kuwa aliona ndani yake mwanzo wa safari yake. Pombe ilimpa kitu alichokihitaji kweli, ndiyo maana hakuweza kuiacha ilipoanza kumnyang'anya vitu vingine.

Januari 24, 1918 alimuoa Lois Burnham, binti wa daktari wa Brooklyn, aliyemzidi miaka minne. Muda mfupi baadaye alivuka bahari kwenda vitani Ulaya. Akiwa Uingereza alitembelea kanisa kuu la Winchester, na nje ya kanisa akasoma kaburi la askari aliyekufa karne ya 18 kwa sababu ya kunywa bia nyepesi. Alilitazama kama kichekesho. Miaka mingi baadaye aliliandika kaburi hilo katika kitabu chake kama onyo ambalo hakulisikia.

Vita ilipokwisha alirudi New York. Alisomea sheria jioni, lakini hakuichukua stashahada yake. Kilichomvuta ni soko la hisa. Aliona kwamba watu wananunua hisa za kampuni wasizozijua, na kwamba atakayekwenda kuzichunguza kampuni hizo kwa macho yake atapata faida. Mwaka 1925 yeye na Lois walipakia hema na vitabu kwenye pikipiki yenye kigari cha pembeni, wakazunguka mashariki ya Marekani wakichungulia viwanda. Taarifa alizozipeleka kwa wakubwa wa soko zilimletea fedha nyingi.

Lois alikuwa na sababu nyingine ya kuikubali safari hiyo. Alitaka kumtoa mume wake mjini, mbali na baa. Lakini baa zilikuwapo njiani pia, ingawa ilikuwa miaka ambayo sheria ya Marekani ilipiga marufuku pombe.

Soko la hisa lilipoanguka Oktoba 1929, fedha zilipotea. Lois, ambaye mimba zake zilikuwa zimeharibika na hakuweza kupata mtoto, aliajiriwa katika duka kubwa la Macy's ili wapate kula. Bill alibaki nyumbani kwa wakwe zake, mtaa wa Clinton namba 182, Brooklyn. Alikuwa akiiba senti kwenye pochi ya mke wake kununulia jini ya magendo. 

Daktari na rafiki

Shemeji yake, mume wa Dorothy, alimlipia matibabu katika hospitali ya Towns, jirani na bustani ya Central Park jijini New York. Huko Bill alikutana na Dk William Silkworth, mtu mpole aliyekuwa amehudumia maelfu ya walevi.

Silkworth hakumwambia kuwa ni mtu mwovu au dhaifu. Alimwambia ni mgonjwa. Kwa maelezo yake, mwili wa mlevi unaipokea pombe tofauti na miili ya wengine, hivyo glasi ya kwanza inafungua kiu isiyozimika. Na akili ya mlevi ina kishawishi kinachomrudisha kwenye glasi hiyo ya kwanza hata anapojua fika mwisho wake. Bill alifurahi. Alidhani akishajua ugonjwa wake ulivyo, ameupatia dawa. Alitoka hospitali akiwa mzima, akakaa muda kidogo, akalewa tena.

Mwaka 1934 Silkworth alimweleza Lois ukweli wote. Mume wake akiendelea hivyo, atakufa au atapoteza akili na kufungiwa.

Mwishoni mwa Novemba mwaka huo rafiki wa zamani, Ebby Thacher, alipiga hodi Clinton Street. Bill alifurahi, maana Ebby alikuwa mlevi mwenzake tangu ujana, akaweka jini mezani jikoni. Ebby akakataa. Alikuwa amejiunga na kundi la Kikristo lililoitwa Oxford Group, ambalo liliwafundisha watu kukiri makosa yao, kuyarekebisha kwa waliowakosea na kumtegemea Mungu. Bill hakuwa mtu wa dini na hotuba za namna hiyo zilimchosha. Lakini hakuweza kukipinga alichokiona: Ebby, ambaye alikuwa anakaribia kufungiwa kwa ulevi, alikuwa amekaa mbele yake akiwa na akili timamu.

Desemba 11, 1934 Bill alirudi hospitali ya Towns, akifika na chupa ya bia mkononi. Hiyo ndiyo pombe yake ya mwisho. Siku chache baadaye, akiwa kitandani katika kukata tamaa kabisa, alimwita Mungu ambaye hakuwa na hakika kama yupo. Kwa maelezo yake, chumba kilijaa mwanga, akajiona yuko juu ya mlima na upepo mkali ukipita ndani yake. Alihofu kwamba wazimu umeanza. Silkworth alimhoji, akaona mabadiliko, akamshauri akishike kile alichokipata. Wapo watafiti waliosema baadaye kwamba dawa alizopewa hospitalini, zikiwamo za mmea wa beladona, zingeweza kuleta maono ya aina hiyo. Bill mwenyewe aliamini aliyoyaamini, na hakunywa tena.

Simu katika ukumbi wa hoteli

Alipotoka alikuwa na bidii ya mtu aliyeona mwanga. Kwa miezi mitano aliwafuata walevi katika misheni za mjini na kuwaleta hadi nyumbani kwake, akiwahubiria juu ya mlima na upepo. Hakuna aliyeacha. Alipolalamika, Lois alimkumbusha kwamba kuna mmoja aliyeacha, naye ni yeye Bill. Silkworth akamshauri aache kuhubiri, aanze na ugonjwa.

Mei 1935 alikwenda Akron, mji wa viwanda vya mpira katika jimbo la Ohio, kupigania udhibiti wa kampuni moja ya mashine. Upande wake ulishindwa. Wenzake waliondoka, naye akabaki katika hoteli ya Mayflower akiwa na takriban dola 10 mfukoni. Ilikuwa Jumamosi, Mei 11, siku moja kabla ya sikukuu ya akina mama.

Ukumbi wa hoteli ulikuwa na baa upande mmoja, na vicheko vilisikika hadi nje. Alijiambia anaweza kwenda kukaa na watu na kunywa soda. Halafu hofu ikamshika, maana aliyajua mawazo hayo. Upande wa pili palikuwa na simu na orodha ya makanisa ya mji.

Alichokitafuta kwenye simu kinastahili kuangaliwa. Hakumtafuta wa kumwombea wala wa kumlinda. Alimtafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Alikuwa ametambua kwamba ile miezi mitano ambayo hakumsaidia mtu yeyote, ilikuwa imemsaidia yeye.

Alimpata mchungaji aliyempa majina ya watu. Jina moja lilimfikisha kwa Henrietta Seiberling, mkwe wa familia iliyoanzisha kampuni ya Goodyear. Mama huyo alikuwa na mgonjwa wa kumpa: Dk Robert Smith, mpasuaji mwenye miaka 55, mzaliwa wa Vermont kama Bill, aliyekuwa anapoteza kazi na heshima kwa pombe.

Walikutana kesho yake saa 11 jioni. Dk Bob, akitetemeka kwa pombe ya jana yake, alikuwa ameapa kutozidisha dakika 15. Aliondoka baada ya saa tano usiku. Alikuwa amesikia mahubiri na maonyo maisha yake yote. Hakuwahi kusikia mtu akimsimulia ulevi wake mwenyewe, kwa lugha anayoijua, bila kumhukumu.

Bill alihamia kwa Dk Bob na mkewe, Anne. Baada ya wiki chache daktari alikwenda Atlantic City kwenye mkutano wa madaktari, akalewa njia nzima. Walimrudisha nyumbani na kumtuliza kwa siku tatu, maana alikuwa na mgonjwa wa kupasua. Asubuhi ya upasuaji Bill alimpa bia moja ili mikono isitetemeke. Ilikuwa bia ya mwisho ya Dk Bob. Baada ya upasuaji alizunguka mji kwa saa nyingi akiwatembelea watu aliowadai radhi. Tarehe ya siku hiyo, Juni 10, 1935, ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa chama.

Saa 24 tu

Mwishoni mwa mwezi huo wawili hao waliuliza hospitali ya mji kama kuna mlevi wa kuzungumza naye. Waliambiwa yuko mmoja, mwanasheria, amefungwa kitandani kwa kuwapiga wauguzi. Jina lake Bill Dotson. Alikuwa amelazwa mara kadhaa ndani ya miezi michache, na kila alipotoka alilewa kabla ya kufika nyumbani.

Dotson aliwaambia wasijisumbue. Yeye ni muumini, alishajaribu, na hawezi kuahidi kutokunywa. Hapo ndipo walipomuuliza swali dogo: je, anaweza kukaa saa 24 bila kunywa? Alijibu kwamba hilo mtu yeyote analiweza. Wakamwambia hilo ndilo wanalolizungumzia, saa 24 kwa mara moja.

Dotson alitoka hospitali siku chache baadaye, akarudi mahakamani kwenye kazi yake, na hakunywa tena hadi alipofariki mwaka 1954. Akawa mtu wa tatu wa chama.

Nguvu ya hesabu hiyo iko katika jinsi kishawishi kinavyofanya kazi. Mlevi akiambiwa asinywe maisha yake yote, akili yake inakimbilia harusi ya mtoto, msiba wa mzazi, sikukuu ya mwaka ujao, na anaanza kushindwa leo kwa ajili ya siku ambazo hazijafika. Kiapo cha maisha kikivunjika mara moja, kimekwisha chote, na aliyekivunja anaona hana tena sababu ya kujizuia. Siku moja ina mwisho. Jua likizama amefaulu, na kesho anaanza upya akiwa na ushindi wa jana. Siku ikiwa nzito, inaweza kukatwa ikawa saa moja. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, na walevi wa Akron walilichanja gogo lao kwa namna hiyo.

Hata hivyo Bill hakufundisha kwamba saa 24 peke yake zinatosha. Aliyekunywa kwa miaka mingi akikatisha ghafla anaweza kupata degedege na hata kufa, ndiyo maana yeye na Dotson walianzia hospitalini, chini ya madaktari. Na siku inayobaki bila pombe inahitaji kujazwa kitu.

Kitu hicho alikiandika Desemba 1938, akiwa kitandani Clinton Street na daftari mkononi: hatua 12. Mlevi anakiri kwamba pombe imemshinda, anajikabidhi kwa Mungu kwa jinsi anavyomwelewa, anaorodhesha makosa yake na kuyakiri, anawalipa aliowakosea, na anaipeleka habari kwa mlevi mwingine. Kitabu chenye hatua hizo kilitoka Aprili 1939, wakati chama kina watu kama 100.

Hakikuuzwa. Mwaka huohuo benki ilichukua nyumba ya Clinton Street, na Bill na Lois wakaishi miaka miwili kwa marafiki, wakihama na masanduku yao. Mtu aliyekuwa mbebaji wa habari njema kwa walevi hakuwa na pa kulala, lakini alikuwa hanywi. Tajiri John D. Rockefeller Jr. alivutiwa na chama, akatoa dola 5,000 tu, kwa hoja kwamba fedha nyingi zitakiharibu. Bill alisononeka wakati huo, kisha akaja kukubali kwamba tajiri alikuwa sahihi. Machi 1941 jarida la Saturday Evening Post liliandika habari zao, na hadi mwisho wa mwaka wanachama waliongezeka kutoka 2,000 hivi hadi 8,000.

Mwalimu ambaye hakuhitimu

Kuanzia mwaka 1944 sonona ilimrudia Bill na kumkalia kwa zaidi ya miaka 10. Kuna siku alizokaa amejishika kichwa, hawezi kujibu barua, ilhali barua zilimfikia kutoka duniani kote zikimshukuru kwa kuokoa maisha. Wapo wanachama waliomlaumu kwamba hafuati hatua zake mwenyewe. Alitibiwa kwa wataalamu wa akili, na mwaka 1956 alijaribu dawa ya LSD chini ya uangalizi wa madaktari, jambo lililowakera wengi katika chama.

Waandishi wa maisha yake wameeleza pia uhusiano wake na wanawake wengine, uliomuumiza Lois. Mama huyo, aliyekuwa amejifunza kwamba ulevi wa mtu mmoja huugua nyumba nzima, alianzisha mwaka 1951 chama cha ndugu za walevi, Al-Anon, na kukitumikia hadi alipofariki mwaka 1988.

Katika madaraka, Bill aliyempenda umaarufu alijizuia kwa njia ileile aliyojizuia pombe. Mwaka 1954 alikataa shahada ya heshima ya Chuo Kikuu cha Yale. Alikataa picha yake kuwekwa kwenye jalada la jarida la Time. Mwaka 1955, mkutanoni St Louis, aliwakabidhi wanachama uongozi wa chama. Hadharani alibaki kuwa Bill W. tu, kwa kuamini kwamba mlevi akipewa sifa nyingi ataanza kudhani amepona.

Mfano wa hatari hiyo alikuwa nao karibu. Ebby, aliyempelekea habari jikoni mwaka 1934, alirudia pombe mara nyingi katika miaka iliyofuata. Bill hakumkana. Alimwita mlezi wake maisha yote, akamtafutia mahali pa kukaa na fedha za kumtunza, hadi Ebby alipofariki mwaka 1966, akiwa amekaa bila pombe miaka yake miwili ya mwisho.

Sigara ndiyo iliyomuua Bill. Aliishinda pombe lakini aliendelea kuvuta hadi mapafu yakaharibika. Julai 1970 alifikishwa mbele ya wanachama Miami Beach kwenye kiti cha magurudumu, akasema maneno machache, na hiyo ikawa mara ya mwisho.

Katika wiki zake za mwisho, kumbukumbu za wauguzi waliomhudumia zinaonyesha kwamba aliomba apewe wiski. Aliomba zaidi ya mara moja. Hakupewa, na alifariki bila kuinywa.

Habari hiyo ilipochapishwa miaka mingi baadaye, wapo walioiona kuwa aibu kwa chama. Walioshika mafundisho yake waliiona kwa jicho jingine. Baada ya miaka 36, na baada ya mamilioni kuponea katika njia yake, kiu ilikuwa ingali palepale. Mwanzilishi alihitaji mtu wa kumsaidia avuke siku, kama mgeni aliyeingia mkutanoni jana. Hilo ndilo alilolifundisha tangu mwanzo.

Alifariki Miami, Januari 24, 1971, siku ambayo yeye na Lois walitimiza miaka 53 ya ndoa. Magazeti yalipoandika kifo chake ndipo watu wengi walipolijua jina lake lote.

Njia hiyo ilivuka mipaka ya pombe. Mwaka 1953 watumiaji wa dawa za kulevya California walizichukua hatua 12 na kuanzisha chama chao, Narcotics Anonymous. Kupitia njia hizo mbili, mafundisho yamefika Afrika Mashariki. Mikutano ya walevi wanaosaidiana inafanyika Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, na Zanzibar, ambako heroini iliteketeza vijana wengi, nyumba za kupata nafuu zilizoanza mwaka 2009 zinatumia hatua hizohizo. Kijana aliyepita arosto haulizwi humo kama ataacha unga maisha yake yote. Anaulizwa kuhusu leo.

Bill amezikwa East Dorset, karibu na hoteli alimozaliwa. Jiwe la kaburi lina jina lake, tarehe zake na utumishi wake jeshini, bila neno lolote juu ya chama. Wageni wanaofika huacha juu yake sarafu ndogo ambazo wanachama hupewa kwa kukaa bila pombe: mwaka mmoja, miaka 10, miaka 30. Miongoni mwa sarafu ambazo chama hicho hutoa, ipo ya saa 24.